Afraha na Michezo ya Bonde la Ufa

Nakuru ilipewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Katika michezo, ilikuwa imejijengea jina zamani. Mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru, Nakuru AllStars walitwaa ubingwa wa ligi ya kwanza ya taifa, kisha wakautwaa tena 1969. Bondia wa hapa, Philip Waruinge, alirudi na shaba ya Olimpiki kutoka Mexico 1968 na fedha kutoka Munich 1972. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyoufanya Uwanja wa Afraha kuwa nyumbani, ilinyakua taji lake la nne la ligi mwaka 2010.

Pamoja na sifa hizo, wengi wetu tuliijua Afraha kwanza kupitia michezo ya shule za sekondari. Ngazi zake huanzia eneo, zikapanda hadi kaunti, kanda, taifa na Afrika Mashariki. Mikoa ilifutwa na Katiba ya 2010, ila kanda ya Bonde la Ufa ingali inakutanisha kaunti 14, kutoka Turkana hadi Kajiado.

Kuandaa mashindano hayo ni kazi ya walimu. Ndio wanaopanga ratiba, wanaochora mistari na wanaopuliza filimbi. Mabweni huwapokea wageni, jiko la shule huwashwa alfajiri, na mechi za kandanda, voliboli, netiboli na raga hugawanywa viwanjani. Mji unaopokea michezo hubaki na viwanja vilivyosawazishwa, marefa wenye uzoefu na vijana waliozoeana na wenzao wa lugha nyingine. Katika kanda iliyoumizwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, faida hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee.

Majirani wametangulia kupokea michezo ya shule ya Afrika Mashariki: Eldoret 2016, Kakamega 2025. Nakuru nayo iliamua kuijenga upya Afraha, kwa msaada wa fedha za Benki ya Dunia. Uwanja huo utastahili gharama yake iwapo, siku zisizo na mechi kubwa, lango litafunguliwa kwa watoto wa shule za Kaptembwo, Bondeni na Rhonda, bila malipo.