Nani Aliamua Ngozi Yako Ina Giza Sana?

Mwaka jana nilipiga picha za ruracio huko Kangemi. Kazi ilienda poa, chakula kilikuwa kingi, na malipo yakaingia kwa simu kabla sijafika stage. Siku 3 baadaye nikamtumia mama ya bibi harusi picha zake. Tulipokutana akafungua simu, akaivuta moja kwa vidole, akaniuliza kwa upole: "Kijana, huyu mwanamke mweupe ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Hapana. Mimi najijua."

Wasee, nilikuwa nimemng'arisha. Hakuniomba. Niliona uso wake umeingia giza chini ya hema jeupe, nikapandisha mwanga mpaka nikaona imekaa sawa. Swali lililonisumbua tangu siku hiyo ni hili: sawa kwa nani? Nikaanza kuchimba, na historia niliyoikuta inaanzia mbali sana na Kangemi.

Wacha tuanze na chombo chenyewe. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini kuna kitu kimoja cha huko nimebaki nacho: ile skrini nyeusi ya kompyuta ambapo unaandika amri kwa maneno, hakuna vitufe vya kubonyeza. Humo natumia programu ya bure inaitwa ImageMagick. Unaandika hivi:

magick mama.jpg histogram:chati.png

Basi. Inahesabu kila nukta ya picha yako na kukuchorea grafu. Kushoto kabisa, namba 0, ni giza totoro. Kulia kabisa, namba 255, ni mwanga mtupu. Nyekundu, kijani na buluu, kila moja ina mlima wake. Penye nukta nyingi, mlima unapanda.

Jaribu na ile sanamu ya shaba ya Dedan Kimathi pale tao, iliyosimamishwa 2007. Ipige saa sita mchana anga ikiwa nyuma. Mara nyingi utaona milima miwili: mmoja umejibana kushoto, huyo ni Kimathi. Mwingine umejibana kulia, hiyo ni anga. Kamera haikumchukia Kimathi. Haikuweza kubeba vyote viwili, ikachagua anga. Na mlima ukishagonga ukuta wa 0, yaliyokuwa pale yameenda, hata uhariri usiku kucha. Lakini grafu haikwambii mlima upi ni mzuri. Inahesabu tu.

ImageMagick ilianzishwa 1987 na John Cristy, akifanya kazi kwa kampuni ya kemikali ya DuPont, Marekani. Shida yake ilikuwa hivi: picha za kompyuta zingeweza kuwa na rangi zaidi ya milioni 16, na skrini aliyokuwa nayo ilionyesha rangi 256 tu kwa wakati mmoja. Ni kama matatu ya mwisho ya kwenda Kawangware usiku. Abiria wamejaa stage, viti ni vichache, na kuna mtu mlangoni anaamua nani anapanda. Mnamo 1 Agosti 1990 Cristy akaiachilia programu bure kwa dunia nzima.

Sasa rudi nyuma kidogo, kwa filamu ya rangi. Huko nako kulikuwa na mtu mlangoni, na jina lake lilikuwa Kodak. Kuanzia 1954, baada ya Kodak kuafikiana na serikali ya Marekani, maabara za watu wengine ziliruhusiwa kusafisha filamu zake za rangi. Ili rangi zisitofautiane, Kodak ikawa inawatumia kadi ya kipimo yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kutokana na Shirley Page, aliyekuwa akifanya kazi Kodak. Fundi anarekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ikae vizuri. Ikikaa, picha zingine zote zinapita kwa kipimo hicho hicho.

Matokeo unayajua. Fungua albamu ya shosho, zile picha za rangi za zamani. Watu weusi waliosimama kwa kivuli wamebaki mashati na meno. Sisi tulimlaumu fundi wa studio, na pengine alistahili. Lakini hata fundi bora alikuwa anafanya kazi na filamu iliyopimwa kwa uso wa mtu mwingine.

Kilichoiamsha Kodak ni nini? Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliwauliza waliofanya kazi huko. Kumbe watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao walikuwa wamelalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Soma tena hapo. Chokoleti na makabati. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kenya ilikuwa imekaa na uhuru miaka 30 hivi.

Usinikimbilie na "lakini namba hazidanganyi." Neno histogramu lenyewe lilichapishwa 1895 na Karl Pearson wa London. Mwaka 1911 huyo huyo akawa profesa wa kwanza wa Galton wa eugenia, ile elimu iliyodai kujua watu gani wanafaa kuzaa na gani hawafai. Mwaka 2020 chuo chake, UCL, kikaondoa jina lake kwenye jengo. Mlima aliotuachia hauna kosa. Anayeamua mlima ukae wapi ndiye wa kuulizwa.

Na mambo hayakuishia kwa filamu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima programu za kutambua jinsia kwa uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7.

Utasema siku hizi shida imeisha. Ni kweli Tecno ilijijengea jina Afrika kwa kamera zinazojali ngozi nyeusi, na Google ikafuata 2021 na Real Tone kwa Pixel 6. Sawa. Lakini kule Kangemi hakuna mzungu aliyenishika mkono. Simu ilikuwa nzuri, filamu haikuwepo, na bado mimi mwenyewe nikamsogeza yule mama upande wa Shirley. Filta zetu nyingi zinafanya hivyo kila siku, na tunaita kung'aa.

Niliirudia ile picha. Nikakata uso peke yake kwenye faili ya kwanza kabisa, nikaandika ile amri. Mlima wake ulikuwa kushoto, ndiyo, lakini haukuwa umegonga ukuta. Mikunjo ya kicheko, kovu dogo kwa kidevu, yote yalikuwepo. Kilichokuwa kimezidi ni hema. Nikapunguza mwanga wa hema, uso sikuugusa.

Alinijibu kwa sauti, sekunde 4: "Sasa hii ndiyo nitaweka kwa fremu."