Lupango na Nyama wa Pori

Kwetu Ngungu, kusini mwa Masisi, lupango ni heshima. Mtu akipata udongo, anauzungushia miti ao seng'enge, ndipo majirani wanajua ni wake. Lakini nyama wa pori, wao wapitie wapi?

Tangu wakati wa wakoloni, sehemu kubwa ya msitu wa Masisi ilikatwa ili ng'ombe wapate malisho. Sheria ya 1973 ikasema udongo ni wa Leta, na wenye uwezo wakatafuta makaratasi ya ferma kubwa. Jirani zetu wa Kahuzi-Biega wanaona matokeo. Parki ile iliundwa 1970, na 1975 ikapanuliwa mpaka msitu wa chini, upande wa Walikale. Milima na msitu wa chini vinaunganishwa paka na ukanda mwembamba, na humo ferma zimeingia. Njia ikifungika, nyama wa juu watabaki kuzaana wao kwa wao, na ukoo utadhoofika.

Botswana walikwisha kuonja. Mwaka 1958 walijenga uzio wa Kuke, wakitenga ng'ombe na nyama wa pori sababu ya ugonjwa. Ukame wa 1983 ulipokuja, nyumbu kwa maelfu walikufa, njia yao ya kwenda majini imezibwa.

Wazee wa msituni nao walijua kuziba njia. Walitandika nyavu nusu duara, watu na mbwa wakafukuza nyama kutoka upande wa pili. Lakini baadaye wavu ulikunjwa, na nyama aliyeponyoka, aliponyoka kweli. Afrika Kusini ni vingine: sheria ya 1991 inampa mwenye ferma iliyofungwa vizuri haki juu ya nyama walio ndani. Kumekuwako hata ferma zenye kulea simba ndani ya uzio, mgeni analipa, anapiga risasi. Sisi tunauliza: huko ni kuwinda ao ni kuchinja?

Hata hivyo, tusiwahurumie nyama tukasahau watu. Parki yenyewe ni lupango: Batwa waliofukuzwa Kahuzi-Biega miaka ya 1970 walifungiwa nje ya pori lililowalisha.

Basi hatusemi seng'enge zing'olewe. Mlimaji analinda mihogo yake. Tunaomba wenye ferma, machifu na watu wa parki wakae pamoja, na kabla ya kusimamisha nguzo wawaulize wazee: nyama walipita wapi? Hapo paachwe mlango.