Herufi Moja Kwenye Daftari la Hospitali: Kutoka Kipande Hadi SHA

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinibana kweli kweli. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala mbinu ya kuongeza kasi ya kompyuta yako. Nataka tuangalie historia ya kitu kidogo sana: kile kisanduku kwenye fomu kilichoandikwa JINSIA, chenye herufi mbili za kuchagua, M au F. Sisi waandishi wa programu tunakitengeneza kwa dakika mbili na kukisahau. Kuna watu ambao kisanduku hicho kimewazuia kumwona daktari.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliandika sehemu ya programu ya kuandikisha wagonjwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Niliweka masharti mawili. La kwanza, mgonjwa akiwa M, fomu ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi haifunguki. La pili, taarifa za mgonjwa zisipolingana na za kitambulisho chake, karani hawezi kuendelea mpaka arekebishe. Nilijisifu sana kwa kazi hiyo. Niliona nimewazuia makarani wasikosee. Sikujiuliza itakuwaje kama hakuna aliyekosea.

Ninaowazungumzia ni watu wa transjenda, yaani wale ambao jinsia wanayoishi nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Magazeti yetu huwaita "waliobadili jinsia", ingawa wengi wao hawajawahi kufanyiwa upasuaji wowote. Tusiwachanganye na watu wenye jinsia mbili, ambao miili yao tangu kuzaliwa haingii wazi upande mmoja. Hao walihesabiwa Kenya kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524. Watu wa transjenda hawakuhesabiwa. Fomu ya sensa haikuwa na nafasi yao.

Sasa twende Turkana, maana ndiko mambo yote haya yanakokutana. Pale Turkana Magharibi kuna madaftari mawili yanayoishi jirani. Mwananchi wa Nakalale akizidiwa anapelekwa Kakuma au Lodwar, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, na anaandikishwa kwa kitambulisho cha taifa. Mkimbizi wa kambi ya Kakuma anatibiwa katika zahanati na hospitali zinazoendeshwa na mashirika ya misaada, na anaandikishwa kwa namba aliyopewa alipopokelewa kambini. Madaftari hayo yana historia tofauti kabisa, lakini yote mawili yanaanza na herufi ileile.

Haya, turudi nyuma. Daftari la mwananchi linatokana na kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mtaalamu wa hifadhidata atagundua jambo la ajabu hapo: mfumo ule haukuhitaji kisanduku cha jinsia hata kidogo, kwa sababu wanawake hawakuandikishwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa inatafuta vibarua waliotoroka mashambani, haikuwa na haja ya kujua afya ya mtu. Sheria ya 1947 iliingiza wanaume wa rangi zote. Wanawake waliingizwa kwenye vitambulisho kwa marekebisho ya 1978, miaka 15 baada ya uhuru. Hapo ndipo ile herufi ilipoanza kutenganisha watu.

(Nikiwa nimetaja ukoloni: Lodwar ndiko Mwingereza alikomweka Jomo Kenyatta kati ya 1959 na 1961, baada ya kumtoa Lokitaung. Ulikuwa mji wa kumpeleka mtu ambaye serikali haikutaka aonekane.)

Bima nayo ikaja juu ya msingi huohuo. NHIF ilianzishwa 1966 kwa ajili ya wafanyakazi waliopata mshahara wa shilingi 1,000 na zaidi kwa mwezi. Ilidumu miaka 58. Tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ilichukuliwa na SHA, chini ya sheria ya 2023, ambapo mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Unajiandikisha kwa simu, *147#, na mfumo unavuta taarifa zako kutoka kwenye daftari la taifa la vitambulisho. Kama mwandishi wa programu naipenda sana njia hiyo: chanzo kimoja cha taarifa, hakuna kuandika mara mbili. Lakini maana yake ni kwamba herufi aliyoiandika karani wa vizazi siku mtoto alipozaliwa sasa inasafiri yenyewe mpaka dirisha la hospitali miaka 30 baadaye, na hakuna mtu njiani mwenye uwezo wa kuigusa.

Anayetaka kubadili jina Kenya ana njia, hati ya kiapo kupitia kwa wakili, na wengi wameifuata. Kuhusu ile herufi, Bunge halijatunga sheria inayoeleza hatua za kufuata. Basi mtu anafika dirishani akiwa na jina la kike, sura ya kike, na M. Karani anamtazama, anatazama kompyuta, anamtazama tena. Foleni nyuma inasikia kila kitu. Wengine huondoka hapo hapo, na hiyo ni kabla hata hajamwona muuguzi.

Hukumu iliyonifundisha zaidi kama mwandishi wa programu ni ya 7 Oktoba 2014. Audrey Mbugua, mwanamke wa transjenda aliyefanya mtihani wa KCSE mwaka 2001, aliliomba Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Baraza lilikataa. Jaji Weldon Korir alifungua kanuni za mtihani akazisoma, na akakuta kwamba hazikulazimu cheti kiwe na alama hiyo. Akaamuru itolewe. Hebu fikirieni hilo wadau. Mtu alikaa miaka kadhaa bila cheti anachoweza kumwonyesha mwajiri kwa sababu ya safu ambayo kanuni zenyewe hazikuidai. Nani kati yetu hajawahi kuweka safu kwenye fomu kwa sababu tu fomu ya zamani ilikuwa nayo?

Daftari la pili, la Kakuma, ni changa. Kambi ilifunguliwa 1992 kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Kuanzia 2004 UNHCR ilianza kutumia programu yake ya kuandikisha iitwayo proGres, na 2013 alama za vidole zikaanza kukaguliwa kwenye mgao wa chakula. Kisha 2014 sheria ya Uganda dhidi ya ushoga ikasainiwa. Mahakama ya huko iliifuta Agosti mwaka huohuo, lakini watu walikuwa wameshaanza kuvuka mpaka, na walio wa transjenda walikuwemo. Sheria nyingine, kali zaidi, ilisainiwa 2023.

Waliofika Kakuma hawakupata walichotarajia. Machi 2021 bomu la petroli lilirushwa kambini kwenye kundi la wakimbizi hao, na mmoja wa walioungua alifariki mwezi uliofuata katika hospitali ya Nairobi. Mei 2023 Amnesty International pamoja na shirika la Kenya la NGLHRC walitoa ripoti kuhusu mashambulizi na ubaguzi waliofanyiwa pale kati ya 2018 na mwanzo wa 2023. Kwa upande wa matibabu kuna kikwazo kingine ambacho hakihitaji mtu mbaya ili kifanye kazi: mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali cha kusafiri. Madaktari wachache wanaoelewa matibabu ya homoni wako Nairobi, zaidi ya kilomita 600 kutoka Lodwar, na Kakuma iko mbele ya Lodwar kwa kilomita 120 hivi. Anayekosa daktari hununua vidonge vya uzazi wa mpango dukani na kujikadiria dozi mwenyewe, bila mtu wa kumpima damu wala ini.

Dunia nzima imehangaika na jambo hili, si sisi peke yetu, na hapa historia ya kompyuta inaingia moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya misimbo ya magonjwa ambayo bima nyingi huitegemea: bila msimbo hakuna malipo. Katika toleo la kumi, lililoidhinishwa 1990, watu wa transjenda walikuwa F64, ndani ya sura ya magonjwa ya akili. Wengi walitaka msimbo ule ufutwe. Tatizo ni kwamba ukiufuta, daktari hana cha kuandika kwenye dai na mgonjwa analipa mwenyewe. Toleo la kumi na moja lilikubaliwa Mei 2019 na kuanza kutumika 1 Januari 2022, na suluhisho lake ni la kiufundi hasa: msimbo ulihamishwa. Sasa ni HA60, katika sura ya afya ya kijinsia, nje ya magonjwa ya akili. Mtu habandikwi wazimu, na dai bado lina namba.

Wamarekani walikuwa na kichekesho chao. Kompyuta za Medicare, bima ya serikali kwa wazee, zilikataa zenyewe dai lolote ambalo huduma haikulingana na jinsia iliyoandikwa. Mwanamke wa transjenda aliyeandikwa F akipimwa tezi dume, dai linarudi. Mwaka 2010 hospitali zikaelekezwa kuweka msimbo wa 45 kwenye dai, na kompyuta ikiuona inaruka ukaguzi ule. Ni kiraka, wala si kizuri, lakini kiliwekwa bila kuisubiri Congress. Upasuaji wenyewe ulikuwa umezuiwa kwa maelezo ya 1981 kwamba ni majaribio tu. Zuio hilo liliondolewa Mei 2014, baada ya mwanajeshi mstaafu Denee Mallon kukata rufaa.

Huku kwetu, mfumo wa rekodi za wagonjwa nilioujifunzia kazi una mizizi Eldoret. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutumia rekodi za kompyuta, na 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wakaanza kuunda OpenMRS, ambayo iliwashwa Eldoret 2006 kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI. KenyaEMR imejengwa juu yake. Nilipofungua jedwali la mtu ndani ya OpenMRS nilicheka peke yangu: safu ya jinsia inapokea herufi 50! Nafasi imekuwepo siku zote. Ni sisi tuliojenga skrini za juu yake ndio tuliobakiza vitufe viwili.

Mtaniuliza, basi kwa nini tusiifute kabisa? Nilifikiri hivyo pia, mpaka daktari mmoja aliponikalisha chini. Upungufu wa damu kwa mwanamume unahesabiwa chini ya gramu 13, kwa mwanamke chini ya 12. Kipimo cha figo kinatumia hesabu tofauti kwa M na F. Chukua mwanamume wa transjenda aliyetumia testosteroni miaka mitano na kadi yake bado ni F. Damu yake ikiwa 12.5, maabara itachapa "kawaida", na hakuna atakayeuliza damu inavujia wapi. Huyohuyo bado ana mlango wa kizazi unaohitaji uchunguzi. Herufi moja inaulizwa maswali matatu: sheria inakuitaje, mwili wako una nini, na damu yako ilinganishwe na ya nani. Kwa watu wengi majibu yanafanana, ndiyo maana hatukuona kosa kwa miaka mingi.

Mwaka 2025 ulikuwa wa kupanda na kushuka. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake, na vituo vingi vya UKIMWI Kenya ambavyo watu wa transjenda walivizoea, ambako hakuna aliyewashangaa dirishani, vilifungwa. Agosti Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa mwanamke wa transjenda fidia ya shilingi milioni 1. Alikamatwa 2019, akavuliwa nguo na kuchunguzwa mwili bila ridhaa yake. Jaji Reuben Nyakundi alitaka pia itungwe sheria ya kuwalinda watu wa transjenda.

Mimi nimeiandika upya ile fomu yangu. Sharti la kwanza limeondoka, na mahali pake kuna swali kwa muuguzi: mgonjwa ana mlango wa kizazi, ndiyo au hapana? Kuna safu ya jina la kumwitia mgonjwa kwenye foleni, na karani haoni nyingine. Maabara ina safu yake. Sharti la pili nimelijaribu mara tatu na limenishinda. Herufi ya kitambulisho bado inabidi ilingane, kwa sababu nikituma rekodi iliyo tofauti, seva ya upande wa bima inairudisha.