Soriasisi si ya ngozi tu: pima na mafuta ya damu

Soriasisi huonekana kwanza pale tunapotia udhu: viwikoni. Ni mabaka makavu yenye magamba meupe, aghalabu pia magotini na kichwani. Kwenye ngozi zetu nyeusi baka haliwi jekundu kama la vitabuni, hupiga zambarau au kijivu. Ndiyo maana wengi huambiwa ni choa, na wengine husingiziwa ukoma au kijicho cha watu. Maradhi haya hayaambukizi. Mpe mwenzako mkono.

Chanzo ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Seli za ngozi, ambazo kwa kawaida huchukua kama mwezi kujibadilisha, hufanya hivyo kwa siku chache na kurundikana. Uvimbe huo haukai juu ya ngozi pekee, bali huathiri mishipa ya damu na namna mwili unavyotumia mafuta. Wagonjwa wengi, hasa wenye soriasisi kali, hukutwa na trigliseridi na kolesteroli mbaya (LDL) nyingi, huku ile nzuri (HDL) ikiwa chache na dhaifu wa kazi.

Mwaka 2006 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa Uingereza ulioonyesha kwamba wana hatari zaidi ya mshtuko wa moyo, hasa vijana wenye soriasisi kali. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa 2018 nao unaitaja soriasisi miongoni mwa mambo yanayoongeza uzito daktari anapoamua kama mtu aanze dawa za kolesteroli.

Sisemi kwamba viazi karai ndivyo vinavyoleta mabaka. Unene, kisukari na sigara navyo vimo humo humo, na kuvitenganisha si kazi rahisi. Ila mafuta ya nazi ukijipaka hulainisha magamba. Tui zito kila siku kwenye wali, mchuzi na maharagwe ni habari nyingine kabisa.

Ninalowaomba wenye maradhi haya ni hili: mkienda kliniki ya ngozi, ulizeni pia kipimo cha mafuta ya damu, presha na sukari. Na ukiandikiwa asitretini au saiklosporini, sisitiza zaidi, maana dawa hizo zenyewe zaweza kupandisha mafuta ya damu. Kipimo hufanywa kabla ya kuanza, kisha hurudiwa ukiwa kwenye dozi.