Msimu wa Nani? Ndege wa Kaskazini katika Mwalo wa Katwe na Historia ya Istilahi Zao, Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ndege wa majini watokao Ulaya na Asia wanavyotajwa kwa Kiswahili katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Yanafuatilia historia ya mwalo wa Katwe tangu msafara wa mwaka 1889 hadi hesabu za ndege za siku hizi. Hoja yake kuu ni kwamba istilahi "wageni wa majira ya baridi" imebeba kalenda ya kaskazini ya dunia, na ikifasiriwa kwa Kiswahili bila uangalifu humwelekeza msomaji kwenye miezi ambayo ndege hao hawapo. Makala yanapendekeza istilahi "ndege wa msimu", ikiambatana daima na majina ya miezi.

Utangulizi

Kasese haina bahari, lakini ina mialo. Katwe, Kayanja, Kasenyi, Hamukungu na Kahendero ni vijiji vya wavuvi vilivyo kando ya Ziwa Edward na Ziwa George, na kila kimoja kina mahali ambapo mitumbwi hupwelewa, samaki hupimwa na wachuuzi hukutana. Kwa watu wa maziwa, mwalo ni kile ambacho bandari ni kwa watu wa pwani.

Katika mialo hiyo Katwe una nafasi ya pekee. Mji huu mdogo umezungukwa na maji ya aina tatu: Ziwa Edward lenye samaki, Ziwa Katwe lenye chumvi na lisilo na samaki, na Ziwa Munyanyange, ambalo ni kasoko ya volkeno yenye maji haba ya magadi. Barabara itokayo Kikorongo kwenda Bwera na Mpondwe hupita kaskazini mwa mji huo. Kwa barabara hiyo chumvi na samaki wa Katwe hufika mpakani, na kuvuka mto Lhubiriha hadi Kasindi, Kongo. Wakonzo wa Bwera na Wanande wa ng'ambo huelewana kwa lugha yao. Wafanyabiashara wasio wa jamii hizo huelewana nao kwa Kiswahili.

Anayesimama ukingoni mwa Munyanyange mwezi Januari huona shakwe wenye mgongo mweusi, buabua na vitwitwi wa aina nyingi, na katika miaka mingine makundi ya heroe wadogo. Akirudi Juni, shakwe, buabua na vitwitwi walio wengi huwa wameondoka. Swali la makala haya ni dogo, lakini lina matokeo makubwa: ndege hao waitweje, na jina hilo limetoka katika kalenda ya nani?

Msafara wa Juni 1889

Mwaka 1889 msafara wa Henry Morton Stanley ulipita Katwe ukirudi pwani pamoja na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Ikweta. Wapagazi wengi wa msafara huo walitoka Zanzibar, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya njia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, Frederick Lugard alifika Katwe akiwa na askari Wasudani na Waswahili, akaiteka sehemu hiyo kutoka mikononi mwa Bunyoro na kujenga ngome aliyoiita Fort George. Kilichogombewa ni chumvi. Basi Kiswahili kiliingia Katwe pamoja na mzigo wa biashara na bunduki za himaya, na tangu hapo kimebaki lugha ya soko, ya kambi na ya mpaka.

Emin Pasha hakuwa mtawala tu. Alikuwa mkusanyaji hodari wa ndege, na vielelezo alivyovipeleka Ulaya vilichunguzwa na wataalamu wa huko. Kwa hiyo msafara mmoja ulibeba mambo mawili yanayohusu mada yetu: lugha ya Kiswahili, na macho ya mtu aliyezoea kuorodhesha ndege.

Mambo hayo hayakukutana. Maelezo ya kitaalamu ya ndege yaliandikwa kwa lugha za Ulaya. Isitoshe, msafara ulipita Katwe mwezi Juni, wakati ndege wengi wa kaskazini wapo kwao wakitaga. Laiti ungepita Januari, mkusanyaji huyo angeliona ziwa jingine. Mwanahistoria wa mazingira anapaswa kuliweka jambo hili mbele kila anaposoma shajara za wasafiri: orodha ya ndege ni orodha ya mwezi fulani kabla haijawa orodha ya mahali.

Jinsi Ulaya ilivyojua

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakuwa na hakika ndege wao huenda wapi baridi inapoingia. Mwaka 1822, karibu na Klütz nchini Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki wenye asili ya Afrika ya Kati. Alikuwa ameruka safari yote ya kurudi akiwa nao. Korongo huyo amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kwa hakika ushahidi huo uliandikwa na mwindaji Mwafrika ambaye jina lake halikuhifadhiwa.

Mwaka 1899 mwalimu Mdenmarki, Hans Christian Cornelius Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba huko Viborg. Kutokana na pete, na baadaye vyombo vya kufuatilia kwa setilaiti, imethibitika kwamba shakwe wenye mgongo mweusi wanaozaliana Finland husafiri hadi maziwa makuu ya Afrika Mashariki. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini ilianzishwa mwaka 1967, nayo hufanyika Januari. Mwezi huo ulichaguliwa kwa sababu nzuri ya kaskazini: maji mengi huko huwa yameganda, ndege hukusanyika mahali pachache, na ni rahisi kuwahesabu.

Hesabu hiyo ilipoenea Afrika mnamo miaka ya 1990, Januari ilikuja pamoja nayo. Nchini Uganda shirika la NatureUganda huhesabu Januari na tena Julai. Nyongeza hiyo ya Julai ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inakiri kwamba maziwa ya Ikweta yana mwaka wao. Heroe wadogo wa Munyanyange, kwa mfano, hawatoki Ulaya. Wao ni wasafiri wa ndani ya Afrika, wanaohama kati ya maziwa ya magadi, na mazalio yao makuu katika Afrika Mashariki yako Ziwa Natron, Tanzania. Baridi ya Finland haielezi safari yao.

Tatizo la majina

Vitabu vya Kiingereza huwaita ndege wa kaskazini wageni wa majira ya baridi. Mfasiri wa Kiswahili ana njia tatu zilizo karibu, na kila moja ina mtego.

Njia ya kwanza ni kufasiri neno kwa neno: "wageni wa majira ya baridi", au kwa ufasaha zaidi, "wageni wa kipupwe". Lakini kipupwe cha Waswahili ni majira ya ubaridi ya kuanzia Juni hadi Agosti, na hata msomaji wa nyanda za juu za Tanzania akisikia "majira ya baridi" huwaza Juni na Julai. Hiyo ndiyo miezi ambayo ndege hao hawapo. Tafsiri ni sahihi kikamusi, ila imegeuza mwaka juu chini. Kasese kwenyewe, kwenye joto la bonde la ufa, neno hilo halina mwezi wa kukalia.

Njia ya pili ni kutumia neno la pwani, "ndege wa kaskazi". Kwa Lamu, Mombasa au Zanzibar hili ni jina zuri, kwani pepo za kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, wakati vitwitwi wamejaa fukweni. Lakini kaskazi ni upepo wa mabaharia. Mvuvi wa Katwe hapangi kazi yake kwa upepo huo, na kumpelekea neno hilo ni kubadilisha ugeni mmoja kwa ugeni mwingine.

Njia ya tatu ni kuwaita "ndege wahamiaji" au "ndege wahamaji". Hapa historia ya Kasese inatuzuia. Bwera ni mji wa mpakani, na kwa watu wake Uhamiaji ni ofisi ya kukagua hati, na mhamiaji ni mtu anayeulizwa ametoka wapi na atarudi lini. Mhamaji naye ni mfugaji asiye na makao. Wilayani humu wamo Wasongora, wafugaji ambao ardhi yao ya malisho iliingizwa kwa sehemu kubwa katika hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1952. Baadhi yao walivuka kwenda Kongo na kufukuzwa huko mnamo miaka ya 2006 na 2007, na kurudi kwao kulizua migogoro ya ardhi. Katika mazingira hayo, kusema kwamba wahamaji wanastahili kulindwa ndani ya hifadhi kunaweza kusikika kama fumbo la kisiasa. Zaidi ya hayo, jina lenyewe si la kweli kwa ndege. Shakwe wa Finland ana makao mawili na njia anayoijua, naye si mzururaji.

Kalenda ya Katwe

Katwe ina kalenda inayofaa. Eneo hili hupata mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Ndege wa kaskazini huanza kufika pamoja na mvua za pili, hukaa kipindi cha ukavu cha baada ya Desemba, na huondoka mvua za kwanza zinapoingia. Kipindi hicho cha ukavu ni miongoni mwa misimu mikuu ya chumvi. Maji ya vidimbwi vilivyochimbwa ukingoni mwa ziwa hukauka kwa jua, na wafanyakazi, wanaume kwa wanawake, husimama ndani ya maji ya chumvi wakiivuna. Wakati huohuo maji ya Munyanyange hupungua na kuacha matope wazi, ambamo vitwitwi hupata chakula.

Jua linalomkaushia mvunaji chumvi ndilo linalomfunulia kitwitwi matope. Kwa hiyo ndege hawa si wageni wa baridi ya mtu mwingine pekee. Ni sehemu ya msimu wa kazi wa Katwe. Mvunaji chumvi na mvuvi huwaona kila siku, ilhali mtafiti huwaona kwa siku chache za hesabu.

Kinachopotea

Uganda ilikuwa na nafasi ya kuunganisha mambo haya. Ziwa George liliandikishwa mwaka 1988 kuwa eneo la kwanza la nchi hiyo chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu. Mwaka 2005 Kampala iliandaa mkutano mkuu wa mkataba huo, wa kwanza kufanyika Afrika. Mwaka huohuo marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Hata hivyo lugha rasmi za mkataba ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na sera ya lugha ya Uganda ilibaki kwa muda mrefu bila utekelezaji. Baraza la Mawaziri liliporudi kwenye suala hilo mwaka 2022, mkazo uliwekwa kwenye shule. Istilahi za mazingira hazikupata mlezi.

Gharama ya pengo hilo ilionekana Januari 2017, homa ya mafua ya ndege ilipothibitishwa Uganda baada ya buabua wengi kufa katika ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria. Tahadhari ya aina hiyo ina maneno machache tu: usimguse ndege aliyekufa, toa taarifa, kaa macho hadi mwezi fulani. Ikiwa tahadhari itavuka mpaka wa Mpondwe kwa Kiswahili ikitaja "ndege wa kipupwe", mchuuzi atajihadhari Julai na kulegea Januari. Kosa la istilahi litakuwa kosa la afya ya umma.

Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yanapendekeza istilahi "ndege wa msimu". Neno msimu linafahamika kwa mvuvi, mkulima na mwanafunzi. Halina deni kwa ofisi ya Uhamiaji wala kwa mgogoro wa malisho. Nalo humlazimu mwandishi kujibu swali linalofuata, yaani msimu upi na wa wapi. Linawafaa shakwe wa Finland na heroe wa Natron vilevile.

Kwa watunga sera, mambo matatu yanafuata. Kwanza, kila andiko la Kiswahili kuhusu ndege hao litaje miezi kwa majina badala ya majira. Pili, hesabu ya Julai ipewe uzito sawa na ile ya Januari katika mipango ya ardhioevu, na wavunaji chumvi na wavuvi washirikishwe kama wahesabuji, majina yao ya ndege katika Kikonzo na lugha nyingine za wilaya yakirekodiwa kabla ya kuundiwa mapya ya Kiswahili. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iwaweke mezani pamoja wanaistilahi na wataalamu wa ndege kutoka Uganda, Kongo, Kenya na Tanzania, kwa kuwa ndege hawa huvuka mipaka hiyo yote katika msimu mmoja.

Msafara wa 1889 ulipita Katwe ukiwa na lugha na elimu ya ndege bila ya kuvikutanisha. Kiswahili sasa ni lugha rasmi, na hesabu za ndege hufanyika kila mwaka. Hakuna tena udhuru wa kuviacha vipitane.