Alama za Matairi na Waya wa Balbu

Uchunguzi wa kihandisi wa ajali za magari ulikuja nyuma ya ajali zenyewe. Agosti 1896, Bridget Driscoll alipogongwa na gari na kufa kwenye viwanja vya Crystal Palace, London, baraza la uchunguzi lilitegemea mashahidi, nao hawakukubaliana hata juu ya mwendo wa gari. Uamuzi ukawa kifo cha bahati mbaya.

Baadaye barabara yenyewe ikaanza kuhojiwa. Breki zikikamata na matairi yakaserereka, urefu wa alama pamoja na msuguano wa lami hutosha kukadiria mwendo: alama ya mita 20 kwenye lami kavu huonyesha kilomita 60 hivi kwa saa, dereva aape atakavyo kwamba alikuwa 40. Kuanzia 1936 Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilikuwa na taasisi ya kufundisha polisi kazi za trafiki.

Ushahidi wa kupendeza kuliko wote, pengine, ni waya wa balbu. Waya unaowaka huwa laini kwa joto, hivyo kishindo huuvuta na kuupinda. Uliopoa hukatika kavu. Kioo kikipasuka taa ikiwaka, waya huungua na kuacha unga mweupe. Anayedai fidia ya bima kwa kugongwa usiku akiwa safarini, ilhali gari lilibamizwa limeegeshwa, huumbuliwa na kiwaya hicho.

Taa za LED hazina waya. Siku hizi hutegemewa zaidi kisanduku cha kumbukumbu, kinachohifadhi mwendo na breki za sekunde 5 kabla ya kishindo. Tangu Julai 2024, kila gari dogo jipya linalosajiliwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe nacho.