Jibu la Lumumba mbele ya Mfalme Baudouin: nani alinyamaza, nani alipiga makofi

Kila mwaka, tarehe 30 mwezi wa sita inapokaribia, kuna sentensi moja inayorudi midomoni mwa watu, Makobola, Baraka, Uvira na hata ng'ambo ya ziwa katika kambi za wakimbizi. Wanasema kwamba siku ya uhuru Patrice Lumumba alisimama mbele ya Mfalme wa Wabelgiji akamwambia usoni: sisi si nyani wenu tena. Ukumbi mzima ukanyamaza, mfalme akabadilika rangi, na ukoloni ukaishia hapo.

Kimya kilikuwako. Mfalme alikasirika kweli. Lakini maneno hayo ya nyani hayamo katika hotuba. Hotuba iliandikwa, ilichapishwa, na watu wameisoma kwa miaka zaidi ya sitini. Sentensi hiyo haionekani popote. Alichosema Lumumba ni kitu kingine, kizito zaidi, na ni vizuri kukijua jinsi kilivyokuwa.

Tuanze na siku moja kabla. Tarehe 29 mwezi wa sita 1960, Mfalme Baudouin alifika Leopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Alikuwa kijana, hajafika miaka 30, amevaa sare nyeupe, amesimama katika gari la wazi pamoja na Raisi Joseph Kasa-Vubu. Barabarani mtu mmoja, Ambroise Boimbo, akatoka katikati ya watu, akauchomoa upanga wa mfalme kwenye gari na kukimbia nao. Polisi walimkamata upesi na upanga ukarudishwa, lakini mpiga picha Mjerumani, Robert Lebeck, alikuwa amekwisha kuipata picha, nayo ilizunguka dunia nzima. Boimbo hakutoa hotuba. Labda hilo ndilo lilikuwa jibu la kwanza.

Kesho yake sherehe ilifanyika katika Ikulu ya Taifa, mbele ya wabunge, maseneta, mabalozi na wageni. Programu ilikuwa fupi: mfalme aseme, raisi ajibu, karatasi zitiwe saini, watu waende kula. Jina la waziri mkuu halikuwamo kati ya wasemaji.

Mfalme akaanza. Alisema uhuru wa Kongo ni matunda ya kazi iliyoanzishwa na akili kubwa ya Leopold wa Pili. Leopold huyohuyo! Katika ukumbi ule walikaa watu ambao babu zao walikatwa mikono na kupigwa fimbo kwa ajili ya mpira wa msituni. Baudouin akaendelea kuwashauri Wakongo wasibadilishe mambo haraka, wasitupe taratibu walizoachiwa mpaka wawe na hakika kwamba wana bora zaidi, na waoneshe kwamba Ubelgiji haikukosea kuwaamini. Alizungumza kama baba anayemkabidhi mtoto funguo za nyumba huku bado amezishika.

Kasa-Vubu akajibu kwa adabu na kwa ufupi. Katika karatasi yake kulikuwa na maneno ya mwisho ya kumsifu mfalme; hayo hakuyasoma. Watu wengi wanasahau jambo hili kwa sababu halikupiga kelele. Lakini kuacha sifa zilizokwisha kuandikwa, mbele ya mwenyewe anayezingoja, nalo ni jibu.

Wakati wote huo Lumumba alikuwa ameinama, anaandika. Hotuba yake ilikuwa tayari, na sasa alikuwa anairekebisha kwa kalamu huku anasikiliza. Kisha Joseph Kasongo, mwenyekiti wa Baraza la Wabunge, akampa nafasi ya kusema. Wabelgiji wakatazamana.

Inafaa kukumbuka aliyesimama pale alikuwa nani. Mwezi wa kwanza wa mwaka uleule Lumumba alikuwa mfungwa, amehukumiwa kwa sababu ya ghasia za Stanleyville, yaani Kisangani. Walimtoa gerezani ili aende Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara, kwa sababu wajumbe wengine wa Kongo walikataa kuendelea bila yeye. Kabla ya hapo alikuwa karani wa posta, halafu muuza pombe ya Polar. Mwezi wa tano chama chake, MNC, kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote. Na siku hiyo ya uhuru alivaa kifuani utepe wa nishani kubwa ya Ubelgiji.

Neno lake la kwanza ndilo lililogeuza ukumbi. Hakuanza kwa kumwita mfalme. Aliwaita Wakongo, wanaume na wanawake, wapiganaji wa uhuru walioshinda. Mfalme alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo, lakini Lumumba alisema na watu waliokuwa nje, maana redio ilikuwa inapeleka sherehe moja kwa moja. Anayetaka kuelewa ukali wa hotuba ile aanze hapo. Mtu akikutukana mbele ya watu nawe ukamjibu yeye, mnabaki wawili mnaogombana. Ukiwageukia wale watu ukawaeleza kilichotokea, yeye anabaki msikilizaji tu katika maneno yanayomhusu.

Alikubali kwamba uhuru unatangazwa kwa mapatano na Ubelgiji, inchi rafiki, sawa kwa sawa. Lakini, akasema, hakuna Mkongo wa kweli atakayesahau kwamba uhuru ulipatikana kwa kupigania, kwa machozi, moto na damu. Halafu akaanza kuhesabu. Kazi ya kuvunja mgongo kwa mshahara usiotosha chakula wala nguo. Matusi na vipigo asubuhi, mchana na jioni. Ardhi zilizochukuliwa kwa karatasi zilizoitwa sheria. Sheria yenyewe kuwa tofauti kwa mweupe na kwa mweusi. Nyumba nzuri mjini kwa wazungu, vibanda vinavyobomoka kwa wengine. Mtu mweusi kukatazwa kuingia sinema, hoteli na maduka ya wazungu, na katika meli kusafiri chini kabisa, chini ya miguu ya mzungu aliyelala kabini. Halafu magereza, na risasi.

Hapakuwa na siri hata moja katika hesabu hiyo. Kila Mkongo aliyekuwa ukumbini aliyajua, na kila Mbelgiji pia. Hakuwafundisha jambo jipya. Aliyasema tu mahali ambapo ilikuwa imepangwa yasisemwe. Kwa hiyo hapakuwa na la kumjibu. Angebuni, wangemsahihisha. Angetukana, wangemwita mshenzi. Alitaja mambo ambayo wote waliyaona kwa macho.

Kuna jambo moja katika hesabu yake ambalo kwa Kiswahili linapita bila kugusa. Kifaransa kina namna mbili za kumwita mtu mmoja: moja ya karibu, ambayo watu wanatumia kwa rafiki, mtoto au mtumishi, na nyingine ya heshima. Lumumba alikumbusha kwamba mweusi alikuwa anaitwa kwa ile ya kwanza, si kwa urafiki, ila kwa sababu ile ya heshima ilikuwa ya wazungu peke yao. Mzee mwenye wajukuu aliitwa na karani wa miaka 20 kama anavyoitwa mtoto wa jikoni. Jambo hilo ni gumu kulitafsiri, maana kwetu mwami anaweza kuitwa wewe na mtoto akaitwa wewe. Heshima inakaa katika neno linalofuata: baba, mama, mzee. Kwa aliyejua Kifaransa, sehemu ile ilichoma kuliko zote. Kwa aliyesubiri jirani amwelezee baada ya redio, haikubaki kitu.

Inawezekana ndiyo njia ambayo nyani aliingilia. Wazungu wengi walikuwa wanawatukana Wakongo kwa jina la nyani, na tusi hilo kila mtu alilijua, msomi na asiye msomi. Watu walipotaka kueleza kwa neno moja kile Lumumba alichokifanya, wakachukua tusi walilolijua wakaligeuza. Kama muhtasari si mbaya. Kama ushahidi, haufai. Watu wa Makobola wanaelewa tofauti hiyo kuliko wengi. Tangu mauaji ya mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999 wamelazimika kueleza tena na tena kilichotokea, mbele ya wachunguzi na mbele ya watu wasiotaka kusadiki, na wanajua kwamba neno moja lililoongezwa linampa anayekana nafasi ya kukana yote.

Tena ule ukimya haukuwa wa ukumbi mzima. Upande wa Wabelgiji walinyamaza. Upande wa Wakongo walimkatiza Lumumba kwa makofi, mara kadhaa. Mfalme alitaka kuondoka palepale kurudi kwao. Mawaziri wake wakambembeleza, programu ikachelewa, chakula kikapoa. Mezani Lumumba alisimama tena na kutoa maneno laini, akamshukuru mfalme na kuisifu Ubelgiji. Wanaopenda hadithi ya nyani hawaisimulii sehemu hii, kwa sababu inaharibu picha. Lakini ndiyo inayoonesha kwamba hakuwa mtu aliyeshindwa kuzuia ulimi wake. Alijua kusema kwa upole, na alichagua wapi.

Siku tano baadaye lilitoka jibu la upande wa pili. Jeshi, Force Publique, lilikuwa bado na maofisa Wabelgiji tu, na askari walikuwa wanauliza: uhuru umefika, vyeo vyetu viko wapi? Tarehe 5 mwezi wa saba Jenerali Émile Janssens aliwakusanya katika kambi ya Leopoldville, akachukua chaki, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Jibu fupi, kali, lisilohitaji maelezo. Hakika alidhani amewafunga mdomo.

Siku hiyohiyo uasi ukaanza kambini hapo na Thysville, yaani Mbanza-Ngungu. Katika siku chache maofisa wazungu walikuwa wanakimbia, Janssens ameondolewa, Ubelgiji inaleta askari wake, na tarehe 11 Moïse Tshombe anatangaza kwamba Katanga imejitenga. Katika kupanga upya jeshi hilo, Joseph Mobutu alipewa ukoloneli na kazi ya mkuu wa majeshi. Mwezi wa tisa alimsimamisha Lumumba. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 Lumumba aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, mbele ya maofisa Wabelgiji, na mwili wake ukayeyushwa kwa asidi ili lisibaki kaburi.

Kuna wanaosema hotuba ndiyo iliyomwua. Kwamba angenyamaza tarehe 30, angeishi. Ni rahisi kusema hivyo. Shaba ya Katanga, vita ya baridi kati ya Marekani na Urusi, na jeshi lililovunjika ndani ya wiki moja vilikuwa na uzito kuliko utepe uliokunjamana kifua cha mfalme. Lakini ni kweli pia kwamba tangu siku ile Wabelgiji wengi wenye mamlaka waliacha kumhesabu kama mtu wa kuzungumza naye. Alilipa. Na wengine walilipa pamoja naye.

Fizi inalijua deni hilo. Mwaka 1964 waasi waliojiita watu wa Lumumba, wakiongozwa upande huu na Gaston Soumialot, walichukua Uvira, wakashuka kando ya ziwa. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma kwa mashua usiku ili kuwasaidia, akakaa miezi saba hivi katika milima ya hapa, akaondoka ameshindwa. Laurent-Désiré Kabila akabaki na chama chake, PRP, miaka mingi huko Hewa Bora. Familia zilizokimbilia Tanzania wakati ule zilibeba jina la Lumumba pamoja na magodoro yao, na sentensi ya nyani ikavuka ziwa nazo.

Lilichukua muda mrefu kufika jibu la Ubelgiji. Mwaka 2001 tume ya bunge lao ilikubali kwamba baadhi ya mawaziri wao walibeba jukumu la kimaadili katika kifo kile. Mwaka 2020 binti yake, Juliana Lumumba, alimwandikia Mfalme Philippe akiomba mabaki ya baba yake: jino moja, ambalo polisi Mbelgiji aliyeshiriki kuuharibu mwili alilitunza nyumbani.

Tarehe 8 mwezi wa sita 2022, Philippe, ambaye Baudouin alikuwa baba yake mkubwa, alisimama Kinshasa katika Ikulu ya Watu, makao ya bunge. Akasema utawala wa kikoloni ulikuwa wa uhusiano usio sawa, wa ubaguzi na dharau, na kwamba anasikitika sana. Hakuomba msamaha, alisema anasikitika. Ukiweka maneno yake kando ya ile hesabu ya mwaka 1960, utaona mengi ni yaleyale, ila mara hii wageni wote walipiga makofi.

Baada ya Kinshasa alikwenda Lubumbashi, kisha Bukavu, akatembelea hospitali ya Panzi, akarudi kwao. Jino lilifika siku chache baadaye, likapitishwa Sankuru, Kisangani na Shilatembo, pale alipouawa, na likazikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi wa sita.